Kendi, Usishuke Nithi na Gari ya Babako

Kwako Kendi, binti ya dada yangu, popote utakaposomewa haya,

Simu yangu hushiki siku hizi, na lile kundi la harusi mlinitoa. Niliamka nikitaka kutuma salamu za Jumapili, simu ikaniambia mimi si mmoja wenu. Basi nimeamua kuandika mahali pa wazi, pale kila mtu anasoma. Huko Majimbo, Embu, una majirani, ofisini una wenzako, kanisani una kwaya. Mmoja wao akipita hapa, tafadhali, aende amgongee Kendi mlango amsomee kwa sauti. Akikataa kufungua, asome kwa dirisha.

Najua utasema, "Anko ameanza." Ndiyo, nimeanza. Shule niliachia darasa la sita, walimu walikuwa wamefika mwisho wa vile wangeweza kunifundisha. Lakini gari nimeisoma mpaka ikaisha. Nikiwa utingo wa lori hapa Meru, hakuna injini ingepanda mlima nisitaje ugonjwa wake kabla haijafika juu. Siku moja basi la abiria lilisimama stejini, dereva akateremka akaacha watu ndani, akaniuliza, "Mkuu, hii inalia wapi?" Nilikuwa natafuna mahindi. Nilimwonyesha kwa gunzi: nati moja tu, nyuma kushoto. Akaikaza kwa mkono, kelele ikanyamaza. Abiria walipiga makofi mpaka wakaamsha mji. Muulize mtu yeyote wa rika langu, kama bado wako.

Lakini leo sikuandikii hayo.

Unakumbuka ile gari ilipofika Mikinduri? Steshen wagoni, rangi ya maziwa, na babako amekaa wima ndani yake kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Alikataza kuku wasilale chini yake. Alinikataza mimi nisiegemee mlango. Wenzake walikuwa wanakimbiza miraa kwenda Meru wakipita kila kitu kwa honi, miti ikiinama, na yeye anaenda pole pole, mkono mmoja nje, kama anasindikiza jeneza. Wanunuzi walikuwa wanamgombeza. "Hii miraa yako ikifika itakuwa kuni!" Naye anasema, "Ikinyauka nitachuma nyingine," na kesho anaenda mwendo ule ule.

Wewe ulikuwa unakaa katikati yetu, miguu haifiki chini. Mimi dirishani nikikupa hadithi. Nilikuambia ile milima ya Nyambene ilikuwa karibu na barabara, nikaisukuma nyuma na lori siku moja ili watu wapate pa kupita. Ulifungua mdomo. Ukauliza, "Na halafu, Anko? Na halafu?" Babako anacheka mpaka gari inayumba. Hakuna mtu amewahi kunisikiliza hivyo tangu siku hizo, Kendi. Hata anti yako Nkirote, ambaye nimemwoa, husikiliza huku akichambua maharagwe.

Na nani alikufunza kuendesha? Si mimi? Pale uwanja wa shule ya msingi, ukapiga goli kwa bampa, goli lenyewe likaanguka, na babako kiti cha nyuma amefunga macho anaomba. Nilikuambia: zima redio, fungua dirisha, pita karibu na ukuta usikie tairi inasema nini. Sauti ya tairi ikigonga ukuta inarudi kwako na ukweli wote. Ulijua. Ungeniambia, "Anko, nyuma kunalia kama panya," na panya alikuwepo, bushi ya nyuma, ile raba ya kiungo, imekwisha. Ulikuwa na sikio zuri kuliko vijana wote wa stejini.

Sasa nikupeleke kwa siku ile mlikuja kutuambia tarehe.

Mlifika mchana, wewe na Njiru wako. Kijana mzuri, wa watu wa Mbeere, anasalimia na mikono miwili. Mlisimamisha gari chini ya mparachichi, mkaingia jikoni kwa anti yako. Mimi nikabaki nje. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu kuishika, kwa sababu tangu tumzike babako sikuwa nimeishika.

Nilisimama mbali kwanza, jinsi daktari anavyoangalia mtu akiingia mlangoni. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelalia nje kwa juu. Hilo halikunishangaza. Babako aliinua hiyo gari zamani, akaweka vipande vya raba kwa springi, kwa sababu barabara ya kwetu ilikuwa mawe matupu na tumbo lilikuwa linagonga. Siku hizi barabara ina lami lakini raba bado ziko. Gari iliyoinuliwa hivyo hutembea na miguu yake imepanuka, na tairi huliwa upande wa nje. Kila fundi anajua, hata wale wa juzi.

Nikaangalia upande wa nje. Ulikuwa mzuri! Mistari imesimama, nyeusi, kama ya dukani. Nikasema moyoni, hii haiwezekani. Nikaingiza mkono kwa ndani, upande unaoangalia injini, nikapapasa. Kendi, huko ndani hakuna tairi. Ni laini kama kisogo changu, na kidole kikachomwa na waya.

Nikalala chini nikaangalia vizuri. Ukuta wa tairi wa ndani ulikuwa na mikwaruzo ya ukingo wa barabara. Sasa niambie, wewe uliyesoma na hata yule ambaye hajasoma: ukingo wa barabara unaingiaje chini ya gari kukwaruza tairi kwa ndani? Nikaangalia rimu, nikaona alama mpya za chuma cha kubandulia tairi, zinang'aa. Hapo nikajua. Hiyo tairi imetolewa ikageuzwa. Upande uliokufa umefichwa ndani, upande mzima umewekwa nje upigwe picha. Upande wa pili hivyo hivyo. Nimeona hii kazi miaka mingi. Hufanywa ili askari wa barabarani akizunguka gari aone uzuri. Na hufanywa siku za sherehe, gari ikifungwa riboni.

Nikapitisha kiganja kwa ile ya kulia. Kwenda mbele, laini. Kurudi nyuma, meno ya msumeno. Maana yake gurudumu haliangalii mbele, linavutwa kando kila hatua. Nikaenda nyuma, tairi zina mashimo mashimo kama mtu amezila kwa kijiko. Hizo ni shoki, zile bomba za kutuliza springi, zimekufa. Niliikandamiza bodi mara moja nikaachilia, na ikaendelea kuruka ruka peke yake kama kitanda cha lojing.

Ndipo nikaleta jeki yangu. Nikainua mbele kushoto, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa.

Kok.

Nikatikisa tena. Kok. Kile kiungo cha chini kinachobeba gurudumu lote, mafundi wanakiita boli jointi, kifuniko chake cha raba kimepasuka, grisi imetoka yote, na ndani kumejaa unga mwekundu wa kutu. Mpira wa chuma unacheza ndani ya kikombe chake kama jino la mtoto. Siku kikombe kikiuachilia, hakuna kingine kinachoshika gurudumu hilo. Usukani utakuwa mkononi mwako, unazunguka vizuri kabisa, na hauongozi kitu.

Ukatoka jikoni na kikombe cha chai.

"Anko, unalala chini ya gari ya wenyewe?"

"Njoo usikie."

"Hiyo? Hiyo inagonga tangu Krismasi, na bado inaenda."

Njiru akaja akapiga tairi teke kidogo, jinsi watu wa ofisi hupiga. "Mzee, hii tumeipeleka kwa fundi huko Embu. Amesema iko sawa kwa safari. Angalia tairi, ni kama mpya."

"Angalia kwa ndani, kijana."

"Sasa nani huangalia tairi kwa ndani?"

Mkacheka. Nkirote naye akacheka, anti yako, mlangoni na mwiko mkononi. Nikaanza kueleza, na wewe ukanishika bega kwa upendo, ukaniambia, "Anko, si ni wewe uliendesha lori na magurudumu matatu mpaka Isiolo, simba akikufuata?"

Nikasema, "Simba walikuwa wawili."

Nilisema hivyo kwa sababu walikuwa wawili. Lakini mlicheka zaidi, na maneno yangu ya boli jointi yakaenda na kicheko hicho. Mlipanda mkaondoka. Ulipokata kona pale kwa lango niliisikia: kok. Wewe ulikuwa umewasha redio.

Mvua ilikuwa imenyesha kidogo asubuhi hiyo, na alama za tairi zikabaki kwa udongo. Ziko mpaka leo. Upande mmoja una maua maua ya tairi, upande wa pili umepita laini, kama nyoka amevuka boma. Nkirote alikuja na ufagio nikamnyang'anya. Nimeweka matawi juu, kuku wasikanyage. Kila nikitoka nje naziangalia, na kila siku naona kama zinaelekea langoni zaidi.

Najua kwa nini unaitaka hiyo gari. Usidhani sijui. Jumamosi wazee wa Njiru watakuja na vitu vyao, watu watajaa boma la babako, na yeye hatakuwepo kukaa kile kiti. Unataka wakuone ukishuka kwenye gari yake. Unataka mlango wake ufunguke mbele ya watu, aonekane amefika. Mamako aliniambia ulilia ulipoipaka rangi. Kama ningekuwa na njia nyingine ya kumleta, ningemleta mgongoni kutoka huko aliko.

Lakini mamako atakuwa ndani pia. Amekaa kwako huko Embu akitibiwa macho, na atakaa mbele, upande huo huo wa kushoto, na kitambaa chake kipya kichwani. Dada yangu ni mmoja tu. Nilibebwa mgongoni kwake kabla sijajua kutembea, na nilianza kutembea mapema sana.

Kwa hivyo nilitumia kitu pekee nilicho nacho. Unajua kwetu mambo ya ndoa ya msichana hayaendi bila mjomba kupokea kondoo dume wake. Huyo kondoo nimemsubiri tangu uzaliwe. Soko lote la Mikinduri linajua jinsi nitakavyomkata, nani atapata mbavu, nani atapata mkia. Nilikuwa nimenoa kisu mpaka kikawa chembamba. Nikamtuma Nkirote akuambie: ukija na hiyo gari, mimi kondoo sipokei, na baraka sitoi.

Jibu lilikuja siku ya pili. Ndugu yangu mdogo, Muriungi wa Meru mjini, amekubali kumpokea. Ati mjomba ni mjomba. Muriungi, ambaye hajawahi kubadilisha hata tairi ya baiskeli! Nilikaa kitandani mchana wote. Nkirote aliniletea uji, akaketi kando yangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maharagwe ya kuchambua. Akaniuliza, "Baba Mwenda, ni kweli itaanguka, ama ni zile zako?"

Nilimwambia hadithi moja ambayo sijawahi kumwambia mtu, na nitakuambia wewe pia.

Tulikuwa na lori, tunatoka Embu, tukasimama Chuka kunywa chai. Kulikuwa na mwenye pikapu ya ndizi, mtu wa mzaha. Alikunywa chai yangu nikiangalia kando, akaniambia imepotea. Alipowasha gari nikasikia kok, nikamwambia, "Ndugu, mguu wako wa mbele unagonga." Akasema, "Huo? Umegonga tangu mwaka jana, umezoea." Akaenda akipiga mluzi. Sisi tukamfuata nyuma.

Tulipokuwa tunateremka kwenda mto Nithi, kwa kona, gurudumu lake la mbele lililala. Halikupasuka. Lililala chali kama mtu aliyechoka, na pikapu ikaenda kule gurudumu lilikuwa linaangalia. Hakupiga honi. Nilisikia vyuma, halafu nikasikia mto. Ndizi tuliziokota sisi. Yeye waliokota wengine, mimi sikuteremka mpaka huko.

Nkirote aliniuliza, "Na halafu?" Nikamwambia hamna halafu. Hadithi hiyo haina simba, haina makofi, sikufanya kitu chochote cha maana ndani yake. Pikapu ikianguka, nilikaa tu kwa lori nikishikilia mlango.

Asubuhi Nkirote alitoka akaongeza matawi juu ya zile alama.

Juzi nilikuja Majimbo. Hukuambiwa? Nilivaa koti la kanisani. Bawabu alinitazama, akafungua simu yake, akanitazama tena. "Wewe ndiye mzee wa Mikinduri? Nimeambiwa usiingie mpaka harusi ipite." Niliiona gari kutoka pale kwa geti, kupitia vyuma. Mmeipaka nta. Mmeshafunga riboni moja kwa kioo, ya kujaribu. Na gurudumu la kushoto limelala nje kuliko siku ile. Nilimwonyesha bawabu. Akasema, "Mzee, mimi naona gari safi."

Sasa sikiliza mambo mawili, halafu nikuache. La kwanza ni rahisi. Mpe fundi mwingine hiyo gari, hata mbaya, hata mlevi. Mwambie aiinue kwa jeki, ashike tairi ya kushoto juu na chini, atikise, na wewe uwe umesimama hapo na redio imezimwa. Usimwambie mimi nilisema nini. Sikio lako nalijua. Ukisikia hakuna kitu, basi njoo mnicheke mbele ya wazee wote wa Mbeere, na Muriungi ale kondoo wangu mpaka kwato. Ukisikia, acha gari hapo. Ipande kwa lori, iletwe Mikinduri ikiwa imebebwa, uifungue mlango bomani ushuke. Babako alikuwa anapenda kubebwa taratibu.

La pili ni hili. Sijui Jumamosi mtatokea Majimbo au kwa kina Njiru huko Mbeere, hamkuniambia. Lakini mkija kwetu hupitia Chuka kila mara, na ukishapita Chuka daraja la Nithi halina njia ya pembeni. Ijumaa nitalala Chuka. Kukipambazuka nitakuwa nimesimama juu, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda darajani, na koti langu la kanisani. Miteremko midogo ya kabla ya hapo nitakuombea, siwezi kuwa kote. Mkija kwa gari nyingine yoyote nitawapungia mkono, mamako hataona kwa yale macho yake, umwambie ni mimi. Lakini nikiona rangi ya maziwa na riboni, nitaingia katikati ya barabara, na sitatoka, hata mpige honi namna gani, hata mamako ashushe kioo aniite kwa jina la utotoni.

Usiogope kunigonga. Siku ile nikiwa chini niliangalia kila kitu, na katika gari hiyo yote kuna kitu kimoja bado kizima. Breki zako ni nzuri. Utanikuta mahali tambarare, utakuwa na nafasi. Simama tu.

Wako, ndugu wa mamako, yule uliyemtoa kwenye kundi,
Mjomba
Mikinduri